Lugha ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira na Haki za Wenyeji wa Mto Tana

IKISIRI

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika tathmini ya athari kwa mazingira inayotangulia miradi ya uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta, gesi, mchanga na chumvi. Mifano imetolewa Garsen na delta ya mto Tana, pamoja na ukanda wa chumvi ulio kusini mwa delta hiyo. Hoja kuu ni kwamba haki ya kuishi katika mazingira safi hutegemea haki nyingine isiyotajwa sana, nayo ni haki ya kuelezwa jambo likaeleweka na ya kusema jambo likasikika. Makala yanapitia sheria zinazohusika, yanachambua istilahi chache zinazotumika katika mikutano ya wananchi, yanatazama maamuzi ya mahakama na tume, na hatimaye yanapendekeza kazi ambazo wanafunzi na walimu wa Kiswahili wanaweza kuzifanya.

1.0 UTANGULIZI

Uchimbaji wa mafuta au madini unapotajwa, mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu huona kwamba mada hiyo si yake. Humwachia mwanajiolojia, mhandisi, mwanasheria na mwanauchumi. Makala haya yana msimamo tofauti. Tathmini ya athari kwa mazingira ni zao la sayansi, lakini huwafikia watu kwa sura ya matini. Ina mwandishi, ina msomaji, ina lugha na ina muktadha wa matumizi. Mwandishi wake ni mtaalamu aliyesajiliwa ambaye hulipwa na mwenye mradi. Msomaji wake mkuu ni afisa wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Watu inaowahusu zaidi, ambao visima, malisho na mashamba yao yamo ndani ya ramani ya mradi, kwa kawaida si waandishi wala si wasomaji wake. Hilo ni suala la isimujamii hata kabla hatujafika kwenye suala la sheria.

Kwa ufupi, tathmini hii ni uchunguzi unaofanywa kabla ya mradi kuanza ili kujibu maswali manne. Mahali hapa pana nini sasa? Mradi utabadilisha nini? Madhara yatazuiwa au kupunguzwa vipi? Je, ipo njia nyingine, ikiwemo ile ya kuuacha mradi wenyewe? Msomaji ataona kwamba swali la kwanza haliwezi kujibiwa vyema bila kuwauliza wakazi, na swali la nne haliwezi kujibiwa kwa haki bila wao kuyafahamu majibu ya matatu yaliyotangulia.

2.0 DELTA YA TANA NA WATU WAKE

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya. Huanzia nyanda za juu za Mlima Kenya na Nyandarua, ukasafiri takriban kilomita 1,000 kupitia Garissa, Hola na Garsen, kisha ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mji wa Garsen umekaa mahali ambapo barabara za kutoka Malindi, Lamu na Garissa hukutana.

Eneo hili si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Masimulizi ya Fumo Liyongo yanahusishwa na Ozi na Kipini, na magofu ya Ungwana yako katika pwani hiyo hiyo. Kipokomo na Kiilwana, lugha za wakulima wa kingo za mto, ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, pamoja na lugha za Mijikenda na Komoro. Hata muziki wa Wimbo wa Taifa wa Kenya wa mwaka 1963 ulitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo. Taifa lililoazima sauti kutoka ukingo wa Tana lina deni la kusikiliza pia maneno yatokayo huko.

Wakazi wa delta hawana njia moja ya maisha. Wapokomo hulima mpunga, migomba na miembe kwa kufuata mafuriko ya mto. Waorma na Wardei ni wafugaji, na wakati wa kiangazi huishusha mifugo yao mtoni kupitia njia maalumu ziitwazo malka. Wengine ni wavuvi. Mfumo wote huu hutegemea maji matamu yanayofika kwa wakati wake. Mabwawa matano ya umeme yaliyojengwa juu ya mto, yaani Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988), yalibadilisha mwendo wa mafuriko kabla ya Kenya kuwa na sheria ya tathmini. Mto unapopungua nguvu, maji ya bahari hupanda, na wakulima wa maeneo kama Ozi huona mashamba yao yakiingiwa na chumvi.

Thamani ya delta imetambuliwa kimataifa. Mwaka 2012 hekta 163,600 ziliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Mwaka huo huo zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya jamii za delta, na miongoni mwa mambo yaliyochochea uhasama ni ardhi, malisho na njia za kufikia maji. Kwa hiyo, ramani ya mradi inayoonyesha malka kuwa kichaka kisicho na mtu ina hatari kubwa. Ikifungwa njia moja ya maji, mifugo itapita katika shamba la mtu, na matokeo ya jambo hilo yanajulikana.

3.0 HAKI NA SHERIA

Azimio la Rio la mwaka 1992 liliunganisha mambo mawili. Kanuni yake ya 10 inahusu ushiriki wa wananchi na upatikanaji wa habari, na kanuni ya 17 inahusu tathmini ya athari. Barani Afrika, ibara ya 24 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inataja haki ya watu kuwa na mazingira yanayoridhisha. Mwaka 2001, katika shauri la Waogoni wa Nigeria na uchimbaji wa mafuta, Tume ya Afrika iliieleza haki hiyo kwa vitendo. Ilisema serikali ina wajibu wa kudai tathmini za kimazingira na kijamii kabla ya miradi mikubwa ya viwanda, kuzitangaza, kuwapa habari watu walio hatarini na kuwapa nafasi ya kusikilizwa. Hapo tathmini ilitoka katika orodha ya taratibu za ofisini ikawa sehemu ya haki za binadamu.

Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ilianza kutumika mwaka 2000. Haikuchukua muda kabla ya kupimwa. Mwaka 2001 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliizuia kampuni ya Tiomin kuendelea na shughuli za titaniamu huko Kwale baada ya wakulima kufungua kesi, na suala la tathmini lilikuwa kiini cha uamuzi huo. Katiba ya mwaka 2010 iliongeza uzito. Ibara ya 42 inatoa haki ya mazingira safi na salama, ibara ya 35 inatoa haki ya kupata habari, na ibara ya 69 inaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma na iweke mifumo ya tathmini. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inaitaka serikali iendeleze lugha za kienyeji.

Kanuni za tathmini za mwaka 2003 ndizo zinazogusa lugha moja kwa moja. Ziliagiza mabango yabandikwe karibu na eneo la mradi, tangazo litolewe gazetini kwa wiki mbili mfululizo, na redio inayosikika nchi nzima itangaze kwa lugha rasmi na lugha za kienyeji. Ziliagiza pia mikutano isiyopungua mitatu na jamii zinazoathirika, mahali na wakati unaowafaa, na mratibu wa kupokea na kuandika maoni ya mdomo na ya maandishi pamoja na tafsiri zake. Mwishowe, ripoti iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu.

Kanuni hizi ni nzuri, ila zina nyufa mbili. Kwanza, redio inayosikika nchi nzima na lugha ya kienyeji ni vitu viwili ambavyo ni nadra kukutana, kwa kuwa Kiorma au Kipokomo hakitangazwi kwa taifa zima. Pili, ingawa muhtasari unatakiwa usiwe wa kitaalamu, lugha ya muhtasari huo haikutajwa. Mtaalamu anaweza kuandika Kiingereza chepesi, akawa ametimiza sharti, na asieleweke na mtu hata mmoja katika kijiji anachokiandikia.

4.0 UKANDA WA CHUMVI

Baadhi ya wasomaji watauliza kama kuna uziduaji wowote katika eneo hili. Utafutaji wa mafuta upo tangu zamani. BP na Shell zilichimba kisima cha utafiti Kipini mwaka 1971, na katika miaka ya 2010 vitalu vya mafuta vilivyogusa delta viligawiwa tena kwa kampuni za kigeni. Lakini uziduaji ambao wakazi wameishi nao kwa muda mrefu zaidi ni wa chumvi, katika ukanda wa pwani kutoka Gongoni hadi Marereni na Kurawa, kando ya njia ya kutoka Malindi kwenda Garsen.

Utengenezaji wa chumvi hii huonekana kuwa kazi nyepesi. Maji ya bahari huingizwa kwa mifereji au pampu katika vidimbwi vipana visivyo na kina, jua huyakausha, na yanapozidi kukolea huhamishwa kutoka kidimbwi kimoja hadi kingine mpaka chumvi igande ikusanywe. Hakuna baruti wala shimo refu. Hata hivyo, vidimbwi vinahitaji ardhi kubwa na tambarare karibu na bahari, na ardhi hiyo ndiyo penye mikoko na vijiji. Maji yaliyokolea chumvi yanaweza kupenya ardhini na kufikia visima.

Mwaka 2006 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti ya uchunguzi wake wa hadhara kuhusu sekta hiyo. Jina la ripoti lenyewe linaeleza kwamba masilahi ya kiuchumi yalitangulizwa kwa hasara ya jamii. Malalamiko yaliyofikishwa mbele ya tume yalihusu kuondolewa kwa watu katika ardhi, kuharibiwa kwa mikoko, kuingia kwa chumvi katika maji ya kunywa, na hali mbaya za wafanyakazi. Kampuni nyingi zilikuwa zimeanza kazi kabla ya sheria ya 1999, kwa hiyo hazikuwahi kufanyiwa tathmini ya awali. Sheria iliziwekea sharti la ukaguzi wa mazingira badala yake.

Hapa ndipo somo la kwanza la kiisimu linapoonekana. Mtaalamu hupima maji kwa kifaa na kuandika kiwango cha umeme unaopita ndani yake, kwa kuwa maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi. Mwanamke anayeteka maji kisimani ana kipimo chake. Husema maji haya ni matamu, yale ni ya magadi, na yale mengine ni ya chumvi. Anajua kisima kipi kilibadilika na kilibadilika baada ya tukio gani. Maneno yake ni ushahidi wa miaka mingi ambao kifaa kilicholetwa kwa siku mbili hakiwezi kuwa nao. Ripoti isiyo na nafasi ya msamiati huo imepoteza data, na hasara hiyo ni ya kisayansi sawa na ilivyo ya kibinadamu.

5.0 MANENO YANAYOAMUA

Katika sehemu hii tunachambua istilahi zinazosikika mara kwa mara katika mikutano ya miradi. Lengo ni kuonyesha kwamba uteuzi wa neno unaweza kupanua haki ya mtu au kuipunguza.

5.1 Shiriki, shirikisha, shirikishwa

Ofisi nyingi hutumia istilahi "ushirikishwaji wa umma". Tukiichanganua kimofolojia, tunapata mzizi -shiriki-, kiambishi cha usababishi -ish-, na kiambishi cha kutendwa -w-. Katika muundo huu yupo mtu mwingine anayesababisha, na umma ni mtendwa. Anayeshirikisha ndiye huamua lini, wapi na kwa kiasi gani. Katiba inauzungumzia ushiriki kama jambo la wananchi wenyewe. Tofauti kati ya "ushiriki" na "ushirikishwaji" ni ya viambishi vichache tu, lakini ndiyo tofauti kati ya mtu aliyekuja na mtu aliyeletwa.

5.2 Baraza

Nchini Kenya, neno baraza limeambatana kwa miaka mingi na mkutano wa chifu, ambako serikali hutangaza na watu husikiliza. Mkutano wa tathmini ukiitwa baraza, watu huja na matarajio hayo. Hukaa, husikiliza, hupiga makofi, huandika majina na kuondoka. Orodha ya mahudhurio hutiwa nyuma ya ripoti, na anayeisoma huweza kuichukulia kama orodha ya walioridhia. Mahudhurio na ridhaa ni mambo mawili tofauti. Jamii za Tana zina vikao vyao, kwa mfano Gasa ya Wapokomo na Matadeda ya Waorma, ambavyo wazee wake wamezoea kujadili jambo hadi wafikie uamuzi. Pamoja na hayo, vikao hivyo ni vya wazee wanaume zaidi, na sauti za wanawake na vijana zinahitaji nafasi ya ziada.

5.3 Mdau

Neno hili huhusishwa na dau, yaani kile ambacho mtu hukiweka katika mchezo au shughuli na ambacho anaweza kukipoteza. Siku hizi kila anayealikwa huitwa mdau: kampuni, idara ya serikali, shirika, mwanakijiji. Usawa huo ni wa neno tu. Kampuni ikipoteza dau lake hapa, itatafuta mahali pengine. Mwenye kisima kimoja akikipoteza, hana kingine. Kwa hiyo tunapoorodhesha wadau, ni vyema tuulize kila mmoja ameweka nini.

5.4 Skwota na ardhi tupu

Katika ukanda wa chumvi, kama katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya, familia ambazo zimeishi mahali kwa vizazi huitwa maskwota kwa sababu hati ya ardhi ina jina la mwingine. Neno hilo humgeuza mwenyeji kuwa mvamizi kabla ya shauri kusikilizwa. Mwenzake ni "ardhi tupu" au "ardhi isiyotumika". Malisho ya kiangazi huonekana matupu wakati wa mvua, na shamba la mafuriko huonekana limeachwa wakati wa ukame. Anayefika kwa siku chache ataliona jambo moja na kulikosa la pili. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni amekwisha kuandika kwamba mahali hapa hapana mwenyeji.

5.5 Fidia, mrabaha na kifuta machozi

Fidia ni malipo ya kurudisha kilichopotea. Ina kipimo, na anayepunjwa anaweza kudai. Mrabaha ni sehemu ya mapato ya rasilimali. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliugawa kwa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Kifuta machozi ni hisani. Hakina kipimo, na anayekipokea hutarajiwa kushukuru. Mkalimani akitumia neno la tatu mahali pa la kwanza, haki imegeuka kuwa fadhila katikati ya sentensi, na aliyesikiliza hatajua kwamba kuna kitu alichopaswa kudai.

6.0 MAAMUZI YA MAHAKAMA NA TUME

Hoja hizi hazikuzaliwa katika madarasa ya isimu peke yake. Katika shauri la Waendorois wa Ziwa Bogoria, lililotangazwa mwaka 2010, Tume ya Afrika ilishughulikia pamoja na mengine ruhusa ya kuchimba rubi katika eneo la jamii hiyo. Tume ilizingatia kwamba wawakilishi wa jamii hawakujua kusoma na kwamba uelewa wao wa umiliki ulitofautiana na ule wa maafisa. Ikasema ilikuwa juu ya serikali kuendesha mashauriano kwa njia ambayo ingewawezesha kuelewa kikamilifu. Mzigo wa kueleweka uliwekwa juu ya mwenye mamlaka, na mwanakijiji hakulaumiwa kwa kutosoma.

Jirani na Tana, katika Kaunti ya Lamu, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta mwezi Juni 2019 leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe. Miongoni mwa sababu ni kwamba mikutano iliyotajwa ilikuwa ya utangulizi na ilifanyika kabla ya ripoti kukamilika, hivyo wananchi hawakupata nafasi ya kuyajadili matokeo yenyewe. Mkutano ulikuwapo, lakini jambo la kuzungumzia halikuwapo.

Katika delta yenyewe, mradi wa miwa wa shirika la TARDA na kampuni ya Mumias ulipewa leseni ya mazingira mwaka 2008 na ukapingwa mahakamani. Huo ulikuwa mradi wa kilimo, ila mgogoro wake ulifungua njia kwa miradi yote ya ardhi. Februari 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi, katika kesi nyingine iliyofunguliwa na wakazi, iliamuru mipango ya matumizi ya ardhi ya delta iandaliwe kwa ushiriki wa jamii. Mpango wa matumizi ya ardhi uliotolewa mwaka 2015 uliambatana na tathmini ya kimkakati, ambayo huangalia eneo zima na athari limbikizi badala ya mradi mmoja mmoja. Kwa delta iliyokwisha kuguswa na mabwawa matano, chumvi na utafutaji wa mafuta, mtazamo huo ni wa lazima.

7.0 JE, KISWAHILI KINATOSHA?

Ni rahisi kwa mwanachama wa chama cha Kiswahili kuhitimisha kwamba ripoti zikitafsiriwa kwa Kiswahili tatizo litakuwa limekwisha. Makala haya hayaungi mkono wepesi huo, kwa sababu tatu.

Kwanza, kwa wengi wa wafugaji wa Tana, hasa wazee na wanawake wa vijiji vya mbali, Kiswahili ni lugha ya pili. Kiorma ni lugha ya Kikushi isiyo na udugu na Kiswahili. Kiswahili kinaweza kuwa daraja, lakini daraja halipaswi kufanywa nyumba. Pili, Kiswahili chenyewe kinaweza kuficha. Tafsiri inayosema "ongezeko la upitishaji umeme katika rasilimali za maji ya ardhini" ni Kiswahili sanifu, ila inayosema "maji ya visima yatazidi kuwa ya chumvi" ndiyo itakayomfanya msikilizaji anyanyue mkono. Tatu, wapo watakaosema kwamba kikwazo halisi ni mamlaka na fedha, na kwamba hata watu wakielewa watapuuzwa. Hoja hiyo ina uzito, na mapigano ya ardhi nchini yanaithibitisha. Jibu letu ni kwamba kueleweka hakutoshi, lakini hakuna hatua nyingine inayowezekana bila huko. Wakulima waliokwenda mahakamani, Kwale na Tana, walianza kwa kujua kilichokuwa kimeandikwa juu ya ardhi yao.

8.0 WAJIBU WA WANAFUNZI NA WALIMU WA KISWAHILI

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza kazi zifuatazo, ambazo zinaweza kuwa miradi ya utafiti ya vyuo vyetu:

(a) Kuandaa faharasa ya istilahi za tathmini kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma, na kuijaribu kwa wazungumzaji wenyewe huko Garsen, Ozi na vijiji vya wafugaji kabla ya kuichapisha.

(b) Kutayarisha vielelezo vya muhtasari wa kurasa chache na vya sauti. Jamii nyingi za delta hupokezana habari kwa mdomo, na muhtasari uliorekodiwa unaweza kusikilizwa tena nyumbani na wale ambao hawakufika mkutanoni.

(c) Kufundisha ukalimani wa jamii pamoja na maadili yake. Mkalimani anayelipwa na mwenye mradi, au aliye chini ya afisa anayeutetea, yumo katika mgongano wa masilahi hata akiwa mwaminifu.

(d) Kudai kumbukumbu za mkutano ziandikwe kwanza kwa lugha iliyotumiwa na msemaji, kisha zitafsiriwe, na zisomwe mbele ya waliohudhuria kabla ya kutiwa sahihi. Kanuni za 2003 zilikwisha kutaja tafsiri za maoni, kwa hiyo ombi hili si geni kisheria.

(e) Kukusanya msamiati wa mazingira wa wenyeji: aina za maji, udongo, mafuriko, malisho na njia za mifugo. Kazi hii itahifadhi lugha, na papo hapo itakuwa ushahidi siku mradi utakapoletwa.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ina uhusiano wa moja kwa moja na haki za binadamu, na kwamba lugha ni mojawapo ya mahali ambapo uhusiano huo hukatika. Sheria za Kenya zinatambua ushiriki, na kwa kiasi fulani zinatambua lugha za kienyeji. Kilichosalia ni utekelezaji. Neno tathmini lina nasaba na thamani. Kutathmini ni kukipa kitu thamani yake, na anayekijua kitu kwa jina lake, kwa lugha aliyolelewa nayo, hana budi kuwa miongoni mwa wanaokithamini. Mradi ujao wa delta, uwe wa mafuta, wa chumvi au wa mchanga, utakuja na ripoti. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuwa tayari na faharasa, wakalimani na kumbukumbu kabla ripoti hiyo haijafika.

MASWALI YA MJADALA

1. Jadili tofauti ya maana kati ya "ushiriki", "ushirikishaji" na "ushirikishwaji" kwa kuzingatia mofolojia na matumizi ya istilahi hizi katika nyaraka za serikali.

2. Chagua istilahi tano za mazingira zinazotumika katika magazeti ya Kiswahili. Ni zipi ambazo mkulima au mfugaji wa eneo lako angezielewa bila kuelezwa?

3. "Mzigo wa kueleweka uko juu ya mwenye mamlaka." Tathmini kauli hii ukirejelea shauri la Waendorois.

4. Andika upya, kwa lugha ya mazungumzo ya kawaida na kwa maneno yasiyozidi 150, tangazo la mradi wowote wa uchimbaji katika eneo unalolifahamu. Msomee mtu asiyesoma, kisha umwombe akueleze alichoelewa.